Baba, Ulikuwa Umerudi Kwetu

Mwaka umekatika, Baba, tangu ututoke. Hadi leo mtu akisafisha koo mlangoni kama ulivyozoea wewe, Mama hugeuka haraka kutazama.

Ulikuwa kinyozi, na mdomo wako ulifanya kazi kuliko mkasi. Mtoto akilia kitini ulimwambia, "Tulia, bwana mkubwa. Nywele zitaota tena, sikio je?" Naye akacheka huku machozi yakimtoka. Wagonjwa wasioweza kutoka uliwafuata kwao, ukawanyoa kitandani, ukawaachia kioo wajitazame.

Hatutaficha, maana wewe mwenyewe ulisema, "Nikifa, msiwaambie watu ni presha." Pombe ilikuchukua taratibu. Mwanzoni ilikuwa ya kuondoa uchovu. Baadaye ukawa huwezi kushika mashine asubuhi kabla hujapiga mafunda mawili matatu, kwa jinsi mikono ilivyotetemeka. Mashavu yakabonyea, tumbo likajaa maji, miguu ikavimba, macho yakawa ya manjano. Tukiuliza, ulisema ni malaria tu.

Siku ulipomkata shemeji yako shingoni ukimnyoa, uliweka wembe chini ukamwambia Mama, "Mke wangu, nipeleke hospitali. Nimeshindwa."

Daktari hakuzunguka: pombe ilikuwa imelijaza ini lako makovu. "Ukiacha, tutapigana pamoja nawe. Usipoacha, hatuna la kufanya." Wakakulaza ili uache wakikuangalia. Ulilowa jasho, ukazungumza na watu ambao hatukuwaona, ukamsihi muuguzi akupe japo tone. Lakini uliacha, Baba. Uliacha kweli.

Miezi iliyofuata ndiyo inayotuumiza zaidi. Ulikula nasi mezani. Ulijifunza kumsuka kitinda mimba wako, mistari ikaenda upogo, naye akakataa katakata isifumuliwe. Ulimwuliza Mama siku yake ilikuwaje, kisha ukangoja jibu. Tulimsikia Mama akiimba jikoni. Tukaanza kusema "mwakani tutafanya hivi, mwakani tutafanya vile", kama watu wengine.

Hatukujua kuwa ini lilikuwa limeshachoka. Asubuhi moja, ukifunga kamba za viatu uende kazini, ulitapika damu. Mishipa ya kooni ilikuwa imepasuka. Madaktari walihangaika nawe, damu ikakataa kusimama, ikalowesha shuka za kitanda. Neno lako la mwisho kwa Mama lilikuwa, "Samahani kwa shuka."

Baba, shuka ni nini!

Mdogo wetu bado anauliza, "Si Baba aliacha?" Tunamjibu ndiyo, aliacha. Anangoja tuendelee.

Unakumbukwa na mkeo, binti zako watatu, dada yako mshonaji, shemeji yako ambaye hakukulaumu hata mara moja, na kinyozi mwenzako wa kiti cha dirishani.

Hutatutoka moyoni, Baba, maisha yetu yote.