Wifi, Riwaya Zako Tumezisoma na Mama

Nyumbani, ghorofa ya pili,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zangu nyingi. U hali gani? Kidonda cha upasuaji kimefunga? Mtoto ananyonya vizuri, au bado analikataa ziwa la kushoto? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mengine tunayabeba hivyo hivyo.

Kifurushi chako cha riwaya kilifika. Yule rafiki yako muuguzi alikileta mpaka mlangoni, akakataa hata kukaa. Nilipokifungua nilikasirika, nisikufiche. Nikasema, wifi karukwa na akili? Mtu kafiwa na mume, unamtumia vitabu vya mapenzi? Nikavisukuma chini ya kitanda, vikakaa huko mpaka siku moja mvua iliponifungia ndani, nikavuta kimoja.

Sasa nikupe maoni yangu, maana najua unayasubiri. Waandishi wa siku hizi wanajua kuandika, lakini hao wanaume wao wanawatoa wapi? Wote warefu, wote mabega, wote wana kampuni. Hakuna hata mmoja anayekoroma. Katika kile chenye jalada jekundu wapenzi wanakutana kwenye lifti iliyokwama, na kabla hujageuza kurasa mbili wameshagombana na kusameheana. Mimi na kaka yako tulikutanishwa na jokofu bovu la kantini yetu. Alilitengeneza, likafa. Akarudi, likafa tena. Tulipokwisha kuoana ndipo aliponiambia kwamba alikuwa anaacha waya mmoja umelegea makusudi. Nilicheka peke yangu, kitabu kifuani, halafu kicheko kikanigeukia.

Kile cha mjane kiliniudhi. Mume anazikwa sura ya kwanza, sura ya pili jirani mpya anabisha hodi kuomba sukari, kifua kama ukuta. Jirani yangu mimi ni mzee mwenye kikohozi anayelalamika nikikaanga vitunguu. Tena hakuna mahali mwandishi anapotuambia yule mjane alifanya nini na viatu vya marehemu. Vya kaka yako bado viko mlangoni. Nafagia kwa kuvizunguka.

Zile za mapenzi na taharuki nimezipenda zaidi. Labda ni kwa sababu ndani yake kila kifo kina mtu wa kulaumiwa. Mpelelezi anamtafuta, anampata, anamtia pingu. Kaka yako alishika kichwa akiwa anafunga vifungo vya shati, akakaa kitandani, basi. Mimi nimtie nani pingu?

Nikwambie ya mama. Tangu mazishi alikuwa hatoki kwenye kiti cha dirishani, haongei ila kuitikia tu. Kila ulipopiga simu aligeuza uso, nami nikawa nakwambia amepumzika. Najua ulidhani amekukasirikia kwa kutokuja kumzika kaka yako, ingawa daktari ndiye aliyekukataza kunyanyuka. Hata mimi nilidhani hivyo, ila sikuthubutu kumuuliza.

Basi siku moja nilikuwa nasoma sebuleni, midomo inanicheza, akasema ghafla, "Soma kwa sauti. Unanong'ona kama mwizi." Macho yake hayaoni tena maandishi, wifi. Nikasoma. Tangu siku hiyo nikitoka kazini nakuta ameshavuta kiti changu karibu na chake. Na ubishi alionao! "Huyo wakili muongo. Mwanamume anayepiga pasi soksi ana jambo." Na kweli, wakili ndiye aliyekuwa muuaji. Tukifika kwenye busu anasema, "Ruka hapo." Kitambo kidogo, "Umeruka mpaka wapi? Rudi."

Tukafika kwenye kile cha mwisho. Mume anasadikiwa amekufa maji, mke amekwisha kukubali. Siku hiyo anaosha vyombo, anasikia ufunguo ukizunguka mlangoni. Ni yeye, amekonda, yu hai. Nikataka kufunga kitabu.

"Soma," mama akasema.

Nikasoma.

"Rudia hapo pa ufunguo."

Nikarudia, na akataka tena. Halafu akasema polepole, kama anamweleza mtoto, "Wangu mimi harudi."

Na akalia. Kaburini hakulia, msibani hakulia, akaja kulia pale, kwa ajili ya uongo wa mwandishi tusiyemjua. Nikapiga magoti nikamkumbatia, tukalia wote wawili mpaka tukachoka.

Alipotulia ndipo nilipopata ujasiri wa kumuuliza kwa nini hataki kuzungumza nawe. Akaniangalia kama nimemtukana. "Nimkasirikie mwanangu kwa kuzaa? Yule ana sauti ya kaka yake. Tangu utoto wao, nikiita kutoka jikoni sijui kaitika nani. Nikiisikia kwenye simu nitadhani ni yeye."

Mimi niliyelala ubavuni mwa sauti ile sikuwahi kuligundua hilo.

Jana kaniambia atajaribu. Ukiipata barua hii, piga Jumapili mchana, tukishakula. Nitamshikisha simu mwenyewe. Akinyamaza usikate, wala usiharakishe kumliwaza. Wewe mweleze tu habari za mtoto, anavyolala, anavyofanana. Mwache aisikie sauti.

Vitabu nitamrudishia muuguzi, isipokuwa kile cha ufunguo. Mama amekiweka chini ya mto wake.

Msalimie shemeji sana, na dada yake mshonaji, na mbusu mtoto kwa niaba yetu. Mama anakusalimu, na hii salamu kaitamka mwenyewe. Mungu akuponye, akulindie hicho kichanga, atukutanishe tungali wazima.

Wako akupendaye,
mke wa kaka yako, na wifi yako bado.