Mufuko wa bunga na code ya banki

Mujukuu wangu Mireille,

Tuko salama hapa Shituru, ni magoti tu inachoka. Unauliza juu ya nini feza ulituma ya dawa ya nkambo mwanamuke, bibi yako, ilikurudia, na jina yangu uliandika muzuri. Ni code ya banki haukuandika.

Wakati nilikuwa kijana, natumika mbali, nilitumia mama mufuko wa bunga kwa treni. Niliandika jina yake tu, bila kusema gare gani, kituo gani treni itaushusha. Niliwaza bantu bote banamujua. Bunga ikaharibika njiani. Mama hakukasirika. Aliniuliza tu: «Weye, ulisahau kwetu ni wapi?»

Banki ya kule uko hainijui. Ile code ndiyo inaiambia feza iende banki gani, inchi gani, muji gani. Nimeiandika huku nyuma ya karatasi. Uikopie yote, mujukuu wangu. Sitaki kukuuliza ile swali ya mama yangu.

Nkambo yako, Likasi