Jina Lako Kwenye Orodha ya Kyoto

Kerubo,

Nilienda. Nilikuwa nimeapa siendi bila wewe, lakini wiki tatu baada ya kutoka Kisii kukuzika, nilijikuta nimepakia begi, nimetoka nyumbani Pearland, niko uwanja wa ndege wa Houston peke yangu.

Hospitalini, shifti yako amepewa msichana mpya. Ni mpole, hana kosa, lakini siwezi kumtazama usoni. Siku ya Sabato nakaa nyuma kabisa karibu na mlango, kwa sababu wimbo ukianza natoka. Na sipiki. Kerubo, sipiki chochote.

Unakumbuka ulivyokuja na lile wazo? Bibi mmoja wa Kijapani uliyekuwa ukimuuguza alikusimulia mahekalu ya Kyoto, mji alikozaliwa, nawe ukaniletea kijitabu cha safari: siku tano za kutembea kwa miguu, na kiongozi wa kutueleza kila tunachokiona. Nikakuuliza Wasabato wawili wa Kisii watatafuta nini kwenye mahekalu ya watu. Ukacheka hadi ukashika ukuta, vile ulivyokuwa ukicheka tangu tulipokuwa tukilala chumba kimoja kule Garland tukisomea unesi. "Miguu haina dhehebu, Moraa. Jiandikishe."

Sikuwaambia wenye safari kwamba umekufa. Kila nikishika simu, neno lilikataa kutoka. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza, tukiwa tumekusanyika mbele ya lango jekundu, kiongozi wetu, mama mmoja mfupi anayeitwa Emiko, akafungua karatasi akaanza kuita majina. Akaita lako. Alilitamka vibaya, lakini lilikuwa lako.

Nikasema, "Anakuja. Amechelewa kidogo."

Sijui ilinitokaje. Emiko akasema basi tutamsubiri. Tukasubiri, Kerubo. Watu wazima, wengine na mikongojo yao, wamesimama kwenye baridi wakikungoja, na mimi nimeikodolea macho barabara kama kweli ungetokea pale kwenye kona ukihema, ukiomba radhi. Dakika ishirini. Mzee mmoja akaniuliza, "Rafiki yako yuko salama?" Nikakaa chini kwenye changarawe nikalia kwa sauti, kwa Kikisii, mbele ya watu nisiowajua.

Nikamweleza Emiko yote. Hata lile ambalo sijamwambia mtu: kwamba asubuhi ile ulinipigia ukasema kifua kinakubana, na mimi, nesi wa miaka kumi na mmoja kazini, nikakujibu, "Umechoka tu. Nitapita mchana."

Nilipita mchana.

Hakuniambia si kosa langu. Alinishika mkono, akanipeleka kwenye birika la mawe pale langoni, akachota maji kwa kata akanimwagia viganjani, kama wanavyonawa wao kabla ya kuingia. Yalikuwa baridi kama barafu. Kisha akatoa kalamu akalikata jina lako, taratibu, kwa sababu kazi yake ni kujua yuko na watu wangapi. Nilitaka kumnyang'anya ile karatasi. Nusura nifanye hivyo.

Nilitembea siku zote tano. Nilipanda ngazi zao, nikavua viatu walipovua, nikasimama wao wakiinama. Ile amani ya kwenye kijitabu sikuiona. Niliona tu watu wawili wawili wakipigana picha.

Sasa nimerudi. Kila Jumapili nampigia mama yako, na kila Jumapili ananiuliza, "Moraa, mwanangu aliteseka? Hakumwita mtu?" Nami namjibu ulikwenda usingizini.

Jumapili hii nitamwambia ukweli. Nitamwambia uliita, na uliyemwita ni mimi. Akinilaani, nitamsikiliza hadi amalize. Akikata simu, nitapiga tena. Ninaiogopa sauti yake kuliko kitu chochote duniani, lakini nakuahidi nitapiga.

Kwaheri, dada yangu.

Moraa