Sehemu ya Dija Waliyoikata

Wamemkatisha Dija! Mpwa wako, damu yako, kakaa mbele ya mgeni rasmi na wakubwa wote wa Morogoro wenye viatu vya kung'aa, na alipofika kwenye sehemu yake, ile aliyoihangaikia miezi, wakasimamisha muziki wakagawa soda!

Haya, sasa shikamoo kaka Swalehe. Ningetanguliza salamu kama tulivyolelewa, ila hasira imeiwahi kalamu. Tunduru mnaendeleaje? Mgongo wako umepoa? Wifi yangu hajambo, na mikorosho imechanua? Sisi miili ni mizima, roho ndizo zinazoungua. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu ukisikia sauti yangu imepanda unaanza kucheka, na mtandao nao unapotea pale pale ninapofika kwenye hoja. Wifi akusomee, apaze sauti, na watoto watulie.

Nianze mwanzo uelewe. Hapa mjini kuna jumba la makumbusho ya picha za kuchora, si mbali na ninapouzia viungo. Kila mwezi wanachagua picha moja. Mtaalamu anasimama anaieleza, nani kaichora, kwa nini mlima kaupaka buluu na si kijani. Akimaliza, vijana wanne wanapiga muziki wa ala za nyuzi, ule wa Kizungu wa zamani usio na mwimbaji, ili watu waendelee kuitazama picha ile ile, safari hii kwa masikio. Kuna fidla mbili, kuna nyingine iliyozidi kidogo kwa ukubwa, halafu kuna selo. Selo ni fidla yenye kimo cha mtoto wa miaka saba. Unakaa kitini unaikumbatia kwa magoti. Na anayeipiga, kaka, ni binti wa muuza mdalasini! Mwalimu wake kaniambia kwa mdomo wake kwamba mkono wa Dija haukufundishwa, aliukuta tayari. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hilo nililielewa bila mkalimani.

Picha ya mwezi ule ni Uluguru asubuhi. Wanawake wanashuka kutoka Kinole na ndizi kichwani, ukungu umewameza mpaka magotini. Nawajua wanawake wa namna ile, ndio wanaoniletea mdalasini. Muziki uliochaguliwa kwa ajili yao una sehemu tatu. Ya kwanza ina haraka kama mvua juu ya bati. Ya pili ni ya polepole, na hiyo ndiyo ya Dija: wenzake wanashusha sauti, selo inabaki inasema peke yake. Ya tatu inachangamka tena. Kati ya sehemu na sehemu wananyamaza kidogo, wanafunua karatasi, wanavuta pumzi. Hawajamaliza! Mimi nayajua haya kwa kuwa nimelala ukuta mmoja na ile selo tangu kiangazi. Hiyo sehemu ya pili naweza kukuimbia yote huku natwanga iliki.

Siku yenyewe ilianza vibaya. Mgeni rasmi alichelewa, mtaalamu naye akazungumza kama analipiza, na mshereheshaji walimleta yule wa harusini, asiyejua kusema neno bila kupiga kelele. Lakini vijana walipoanza, kaka, ungelia. Dija kanyoosha mgongo kama marehemu bibi, uta wa kusugulia nyuzi unakwenda na kurudi, uso umetulia kama anachambua mchele. Mama mmoja wa miwani kando yangu akaniuliza, "Yule wa selo ni binti wa nani?"

Nikamwambia, "Wa kwangu, na bado hujasikia kitu. Subiri ya pili."

Sehemu ya kwanza ikaisha. Ukumbi ukawa kimya. Dija akafumba macho, akainua uta. Hapo hapo kigelegele kikapasuka, makofi yakafuata, na yule mshereheshaji akarukia kipaza sauti: "Makofi ya kilo kwa vijana wetu! Ongeza kilo nyingine! Na sasa, mabibi na mabwana, mgeni rasmi! Vinywaji vianze kuzunguka!"

Kijana wa fidla alikuwa anapunga mkono, "Bado! Bado jamani!" Nani amsikie? Mgeni rasmi akapita mbele ya mwanangu kama anapita mbele ya kabati. Dija kabaki na uta wake hewani, na mhudumu anamwuliza kama anataka ya machungwa au ya kola. Ya machungwa au ya kola!

Nyumbani aliifungia selo kwenye boksi lake, akaisukuma nyuma ya magunia yangu ya karafuu. "Sipigi tena, mama. Mahali watu hawajui kusubiri, sipigi." Wiki mbili nzima nyumba ikawa kimya, mpaka nikawa nasikia panya.

Nikafunga genge nikaenda kwenye lile jumba. Nilimkuta mkuu wake, mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, na upole wake ndio ulionichoma zaidi. Akaniambia, "Mama, pole sana. Watu wetu hawajazoea muziki wa kukaa kimya. Mwezi ujao tutafungulia nyimbo fupi kwenye spika, tusiwasumbue vijana."

"Watu gani hao hawajazoea?" nikamwuliza. "Hawa hawa wanaosikiliza hotuba ya Ijumaa mwanzo mpaka mwisho, na ukimwambia mwenzako nyamaza umeharibu wewe? Hawa hawa wanaokaa kanisani mpaka padri achoke? Wajifunze kunyamaza kwa Mungu, washindwe kunyamaza kwa mtoto wangu dakika ishirini? Hukuwaambia! Ungewaambia zipo sehemu tatu wangehesabu tatu. Wewe umejua, ukakaa, ukanywa soda!"

Makarani wakachungulia mlangoni. Sikujali. Mwishowe akasema, "Haya mama, niletee watu thelathini watakaotulia mpaka mwisho, vijana warudie muziki wote." Nikamwambia thelathini ni ukoo mmoja tu, andika.

Sasa kaka, nikupe jambo ambalo nilidhani yule wa miwani peke yake analijua. Kile kigelegele kilikuwa changu. Mimi, ninayejua sehemu ni tatu! Kilinitoka kabla sijaushika mdomo. Alipotoka unyagoni nilipiga, alipofaulu nilipiga, leo kapiga selo mbele ya wakubwa nikimeze? Nilipoona makofi yanafuata nilitamani ardhi inimeze. Ila usianze kunihukumu, mshereheshaji bado ana kosa. Mama kushangilia mwanawe ni haki yake. Mwenye kipaza sauti kazi yake ni kuuliza kwanza.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Dija kwamba nimewashinda, siku imepatikana. Nikaanza kumlaani yule aliyepiga kigelegele, nikisema watu wengine hawana adabu. Akanitazama.

"Mama, kigelegele chako nakijua tangu niko tumboni."

Nikakosa pa kuweka mikono. Nikasema nisamehe, neno ambalo wewe mwenyewe hujalisikia kwangu hata siku moja. Halafu akasema, "Nitapiga zote tatu. Lakini mjomba aje, akae kando yako, akushike mkono."

"Mimi mtoto?"

"Kwa mjomba, ndiyo. Hakuna mwingine unayemwogopa."

Jioni ile aliyasogeza magunia mwenyewe, akaitoa selo. Hajaipiga. Ameiegemeza ukutani na anakungoja wewe. Kwa hiyo usinitajie palizi, wala mgongo. Mgongo utakaa kwenye kiti. Wakusanye hao thelathini wa ukoo, mlale Songea, mpande basi la kupitia Iringa, Ijumaa niwapokee stendi ya Msamvu. Na wote wafundishwe kuanzia huko: muziki ukinyamaza, haujaisha. Hakuna kupiga makofi mpaka wale wanne wasimame kwa miguu yao. Simu zizimwe. Shangazi mkubwa asije na karanga zake, na mwenye kikohozi atangulize tangawizi, ninayo tele.

Nisalimie wifi aliyesoma mpaka hapa, Mungu ampe sauti. Nisalimie mama mdogo aliyenifundisha kupiga kigelegele, mwambie alinifundisha kuzidi. Nisalimie binamu zetu wa ng'ambo ya mto na mwalimu wa madrasa, naye aje, ndiye fundi wa kunyamazisha watu. Kifurushi cha mdalasini kilichofungwa na barua hii ni cha uji wa mgongo wako, si cha kugawa.

Ni mimi mdogo wako Mwanaidi, mama yake Dija mpiga selo, ninayewataka wote vitini, midomo imefungwa, Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa kumi kamili alasiri.