Vua Viatu

Dada mpendwa,

Huku wazima, paa la jikoni limezibwa. Jumamosi bendi yetu ya panki, na makelele yake, ilipiga kwenye kile kiukumbi nyuma ya gereji. Shangazi aliyetulea alikuja bila kuniambia, akasimama mbele kabisa, pamba masikioni. Wimbo wangu wa kumkejeli ningeweza kuuruka. Sikuuruka. Ukumbi mzima ukamwigiza: "Vua viatu! Nimepiga deki!"

Baadaye akanishika mkono. "Sikusikia neno, mwanangu, ila wanakupenda."

Nikashusha pumzi. Jana nikajisahau, nikaingia kwake na mabuti ya tope, hadi jikoni, sakafu ingali na maji. Akanitazama miguuni, akaenda kuchukua tambara. Ile "Vua viatu!" yake haikutoka.

Dada, sina uso wa kurudi pale.

Mdogo wako