Chokaa Juu ya Jina la Baba

Jumatatu, 4 Machi 1974
Kifaransa, kisha historia. Mwalimu Lubangi ametufundisha habari za nyumba za watawa wa Ulaya, za enzi za kati. Magofu matupu, lakini sheria inayalinda. Hata jiwe moja huwezi kuondoa. Nimecheka moyoni. Gofu letu la watawa, hapa Kasuku, limeota majani tangu vita. Watawa wake sasa ni mbuzi.

Wakati wa vita Baba alijificha mle. Aliandika jina lake ukutani kwa makaa: Yozefu. Kisha askari wakamchukua, hakurudi. Picha yake hatuna. Nina mwandiko ule tu. Mama hakanyagi pale.

Jumatano, 6 Machi
Wamesimika kibao kwenye gofu. URITHI WA TAIFA. MARUFUKU KUGUSA. Nimekisoma kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili. Nimefurahi kama mjinga. Nimemwambia Mama.
“Serikali ikikupenda, mwana wangu, funga kuku yako.”
Nimemkasirikia.

Ijumaa, 8 Machi
Mkubwa mmoja wa Chama anakuja kukagua urithi. Kesho salongo, kazi ya bure, shule nzima: kufyeka majani, kupaka chokaa.
Kupaka!
Nimefika hadi mlangoni kwa Mwalimu Lubangi. Nimesimama. Nimerudi. Aibu yangu hii itaniua.

Jumamosi, 9 Machi
Nimesema. Mbele ya wote, ndoo mkononi, nikimwita ‘raia’ kama tunavyoamriwa siku hizi.
“Situwayeni Mwalimu, apa iko jina ya baba yangu. Tuiache.”
Sauti ya kifaranga. Mwalimu Lubangi ametazama kibao, kisha viatu vyake. Aliyejibu ni mkuu wa shule:
“Mutoto, makala ya jiko njo urithi? Tena Yozefu, jina ya Wazungu! Majina hiyo tulisha kutupa!”
Feza wa darasa letu, nyuma yangu: “Mupatie brosi, yeye njo mwenye ukuta!”
Wamecheka. Wamenipa brashi kweli. Nimepaka nikianzia herufi ya mwisho, ili ya kwanza ikae kidogo.
Nawachukia wote. Mwalimu zaidi. Yeye alijua.

Jumatatu, 11 Machi
Mkubwa amekuja. Ametazama kuta nyeupe, akauliza paa litawekwa lini. Tumepiga makofi. Mimi pia.

Jumapili, 17 Machi
Baada ya misa Mama amesema twende gofuni. Mwenyewe. Amepita kibao bila kukitazama, hajui kusoma. Ameniomba nimwonyeshe mahali. Nimemwonyesha. Ameweka kiganja pale.
Kimetoka cheupe. Hakukifuta mpaka nyumbani.