CD Tatu za Mwisho Kutoka Safarini

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, maana marahaba yako nilikuwa naisikia tangu mlangoni, kabla hata sijauona uso wako.

Hapa Isaka tunaendelea. Mama bado anauza mchele, ila siku hizi anafunga mapema na kukaa ndani. Malori yanapanga foleni kama kawaida yakisubiri mizigo ya kwenda Kigali na Bujumbura, na kila moja likiachia upepo wa breki mimi nageuka. Nimejikataza, lakini shingo haisikii.

Baba Kulwa, dereva mwenzako, ndiye aliyetuletea begi lako kutoka Nyakanazi, ulikoanguka. Ndani kulikuwa na mashati, kandambili, tochi, na chini kabisa CD tatu za gemu, nailoni zake hazijachanwa. Baada ya arobaini Mama aligawa nguo, akaniambia na mimi nifungue zangu, zisikae tu. Sikuzifungua. Nilijua hivyo ndivyo vitu vipya vya mwisho nitakavyopata kutoka kwako, na nikivimaliza ndiyo basi.

Jumapili Mama alikwenda Mwadui kwa shangazi. Nyumba ikawa kimya mno, nikawasha mashine ya gemu.

Wewe ulikuwa unanunua kwa kuangalia picha ya kava tu, huko huko njiani, wala humuulizi muuzaji gemu yenyewe inahusu nini. Ukirudi, mimi nashika padi, wewe unakaa pembeni na chai yako unaniongoza kama utingo: kata kushoto, punguza, huyo mtu usimwamini. Tunaonja kidogo tu. Chai ikiisha unatoa hukumu, hii ibaki, hii iende. Mara nyingi ulikosea, ila kwa ubishi wako hukukubali kamwe. Mimi mtu mzima, nina biashara na mama yangu sokoni, na bado niliisubiri hukumu hiyo kama mtoto.

Ya kwanza ina farasi kwenye kava. Farasi mwenyewe sijamwona. Ni gemu ya kulima: unapewa kibanda, jembe na kipande cha shamba, unabonyeza mara chache mahindi yanaota, unabonyeza tena yamekomaa. Ungecheka, wewe uliyekulia kwenye majaruba ya mpunga. Rangi nzuri, ndege wanaimba, lakini majirani wanapita na hakuna anayesimama kukusalimia. Nimelima peke yangu mstari mzima na hakuna aliyeniuliza habari ya asubuhi. Nikaitoa.

Ya pili ni giza tupu. Mtu amevaa kofia ya kioo, yuko ndani ya chombo kilichoharibika huko angani, wenzake sijui wameenda wapi. Mtu huyo ni mzito kumwendesha, kugeuka tu ni kazi, na maandishi ni madogo hata ukisogelea. Sauti ndiyo iliyonishika. Hakuna muziki, Baba, ni yeye tu anapumua. Anavuta taratibu, anaachia taratibu, vile vile ulivyokuwa ukilala kwenye kochi mchana wa siku uliyofika. Nilikaa naisikiliza bila kubonyeza chochote. Siwezi kusema kama ni gemu nzuri.

Ya tatu niliizungusha mkononi muda mrefu. Kava ina pikipiki inayowaka moto. Nikasema nikiiacha, utakuwa bado hujamaliza kuniletea. Halafu nikasema, kuiacha hivyo nako ni kujidanganya. Nikachana nailoni.

Ilipofunguka akatokea bibi mwenye aproni anakimbiza kuku sokoni.

Unamjua. Uliwahi kumleta miaka ile kwa kava ya mpiga ngumi, ukacheka mpaka ukatoka nje kupumua. Wamembadilishia kava tu, na wewe ukaingia tena mzima mzima. Nikajikuta nasema kwa sauti, peke yangu sebuleni:

"Baba, hii si tunayo?"

Ni mara ya kwanza nimekusemesha tangu tukuzike. Nikasubiri jibu. Kila nilipokukamata kwa kosa kama hilo ulinijibu bila hata chembe ya aibu, ukiniita mama kwa kilugha chetu: "Ndiyo hivyo, mayu. Safari ijayo nakuletea nyingine."

Kuku walisimama kwenye kioo, bibi akasimama, wote wakinisubiri nibonyeze. Kutoka jikoni friji ikaanza kunguruma. Hapo ndipo nilipolia, Baba. Siku ya msiba watu walinishika huku na huku na machozi hayakuja. Yamekuja mbele ya bibi wa kuku, hakuna wa kunishika, na nimelia mpaka nimechoka.

Pumzika sasa. Mwenyezi Mungu akupanulie hapo ulipo. Mama nitamwangalia, hilo usiwe na wasiwasi nalo. Mwezi ujao nakwenda Kahama kuchukua mifuko ya mchele, na nakuahidi nitaingia dukani ninunue gemu moja kwa pesa yangu, niifungue siku hiyo hiyo na kuicheza mpaka mwisho wake. Inaniuma kukuahidi hivyo, kwa sababu itakuwa ya kwanza ambayo wewe huijui.

Mwanao,
Mwamvita